Pasi Yangu na Umeme wa Wenzetu

Jumapili, 3 Novemba

Siku mbili kabla ya safari. Gauni limekwisha! Yadi kumi na nne za satini, vifungo sitini na vinne mgongoni, vyote nimevivika kitambaa kwa mkono. Macho yamebaki nusu. Lakini Sindano anaolewa Jumamosi hii, ughaibuni, na mshonaji ni mjomba wake. Yaani mimi.

Sindano ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Jina hilo nilimpa mimi. Utoto wake aliumalizia chini ya meza yangu ya kushonea, akiokota kwa sumaku sindano nilizoangusha. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki. Sasa kuna swali ambalo ukoo mzima unalikwepa: nani atamshika mkono siku hiyo na kumpeleka mbele kwa bwana harusi?

Wagombea ni wawili. Mimi, mjomba. Na baba yake mdogo, mdogo wa marehemu, fundi umeme mstaafu, ambaye namwita Mita kwa sababu hawezi kuona kitu asikipime. Hata chai huipima kwa kidole kabla ya kuinywa. Ni mtu mwema sana. Simpendi.

Mkakati wangu ni huu. Gauni litajikunja njiani, hilo halina dawa. Asubuhi ya harusi nitalipiga pasi mwenyewe, kwa pasi yangu mwenyewe, Sindano akiniangalia. Ataona lilivyonyooka. Machozi yatamlenga. Ataniambia, mjomba, nishike mkono. Mita atabaki anapima ukuta.

Mita amepita kunisalimu. Kaikuta pasi juu ya begi. Kaigeuza, kavaa miwani, kasoma kibandiko cha nyuma. Akaniuliza kama nimewahi kukisoma. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, si msahihishaji wa vitabu. Akasema huko tuendako soketi ni za namna nyingine, na umeme wao ni nusu ya wetu. Akasema adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, haibadilishi umeme unaopita ndani yake. Akasema huko pasi huwa zipo hotelini, niiache hii.

Niiache! Miaka kumi na saba nipo nayo. Fundi hatumii pasi ya mwenzake, kama mtu asivyotumia mswaki wa mwenzake. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Wahenga nao wakaongeza: usiache mbachao kwa msala upitao. Nimemshukuru Mita kwa ushauri wake. Wivu mtupu.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimenunua adapta. Muuzaji amenihakikishia inafaa dunia nzima. Nilipomuuliza kama inafaa kwa pasi, akasema inafaa kwa chochote, hata kwa friji, ila nisimrudishie.

Mita kaja tena, eti kuangalia mizigo. Kanikuta nachaji simu kwa ile njia yangu. Chaja ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu, kwa hiyo unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, milango ya chini inafunguka, unasukuma chaja. Miaka ishirini nafanya hivyo. Nimepigwa shoti mara nne tu, na mbili kati ya hizo nilikuwa na haraka. Mita alifumba macho kama anayeombea maiti. Akasema milango ile imewekwa ili watu wasife. Nikamwonyesha kwamba niko hai. Akafungua begi lake anionyeshe.

Begini mwake ana adapta moja ndogo yenye fyuzi, ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, ya matundu manne yanayopokea plagi za kila nchi, na karatasi yenye orodha ya kila kifaa alichobeba pamoja na volti zake. Vifaa vyenyewe ni viwili: chaja na mashine ya kunyolea. Mtu anaandika orodha ya vitu viwili! Ndiye huyo anayetaka kumshika mkono binti yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Uwanja wa ndege. Begi limezidi uzito. Nilitakiwa kuchagua: pasi, au nguo zangu. Nimesafiri na shati moja.

Mkaguzi aliitoa pasi begini, akaiinua kwa mikono miwili, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akamwita mwenzake. Nikawaeleza ni pasi. Waliniuliza inapiga nguo gani, za tembo? Wakacheka, wakairudisha. Mita alikuwa nyuma yangu akitazama dari.

Gauni nimelipakata safari nzima. Saa kumi na sita angani. Mama wa kiti cha pembeni aliniuliza kama ni mtoto. Nikamwambia karibu sawa. Mita alilala kuanzia ndege ilipopaa mpaka ilipotua, na aliposhuka nguo zake hazikuwa na kunyanzi hata moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumefika jana. Baridi ya kung'ata masikio. Sindano katupokea. Amekuwa mwanamke kamili, ila anacheka vilevile, mabega yote yakipanda. Kanikumbatia mimi kwanza. Naweka kumbukumbu. Kisha Mita, na ukweli ni kwamba kwa Mita alikaa kidogo zaidi, lakini ni kwa sababu koti la Mita lina manyoya.

Dada, mama wa Sindano, ndiye aliyepanga vyumba. Kwa hekima zake ameniweka na Mita chumba kimoja. Yeye, Sindano na wasichana wa kumsindikiza wako chumba cha jirani.

Soketi za huku zina nyufa mbili za bapa na tundu dogo chini yake, kama uso wa mtu aliyepewa habari mbaya. Adapta ikaingia bila tabu. Nikachomeka pasi. Nikasubiri. Dakika kumi. Nikaigusa. Vuguvugu! Nikasubiri nyingine kumi. Vuguvugu ileile. Ungeweza kuifanya mto.

Mita alikuwa kitandani na gazeti ambalo hawezi kulisoma. Aligeuza ukurasa tu, na hilo lilinichoma kuliko pasi. Nilipohema mara ya tatu ndipo akasema, taratibu, kwamba pasi yangu imeundwa kwa volti mia mbili na arobaini, na huku zipo mia na ishirini, na ukiipa nusu ya umeme haikupi nusu ya joto, inakupa robo. Akanionyesha kabatini: kuna pasi ya hoteli, imetundikwa pale na ubao wake.

Nikaufunga mlango wa kabati. Tatizo si umeme. Tatizo ni adapta, ni dhaifu. Kesho nanunua nyingine.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimenunua mbili. Nimezipanga: adapta juu ya adapta juu ya adapta. Akili ya kawaida. Kama moja inaleta robo, tatu zitaleta robo tatu, na robo moja ninayo mkononi mwangu kwa uzoefu. Mnara ulining'inia ukutani kwa nusu dakika, ukainama, ukatoa cheche ya bluu, ukadondoka. Pasi haikuona tofauti.

Mita kahamisha kitanda chake. Kakivuta mpaka dirishani, mbali na ukuta ule, halafu karudi kwenye gazeti. Kwa sauti ya mtu anayezungumza na hali ya hewa akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia tumepishana miezi mitano, asijifanye mkuu.

Mchana tulikuwa na mazoezi ukumbini. Mfungisha ndoa akauliza nani ataingia na bibi harusi. Mimi nikarekebisha tai. Mita naye akarekebisha tai. Sindano katutazama, kacheka, kasema atamjulisha kesho. Kesho! Kwa hiyo bado ngoma mbichi. Tangu hapo moyo hautulii. Nilimfundisha yule mtoto kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kuandika jina lake. Siku baba yake alipozikwa alilala kwenye mapaja yangu, juu ya suruali ya mteja, na mteja alisubiri. Nataka kumshika mkono. Nasema wazi humu kwa sababu hakuna atakayesoma.

Gauni limetundikwa bafuni. Limejikunja kama uso wa bibi yangu.

Nina mpango. Tatizo ni joto, basi joto litatoka kila upande. Chumbani kuna birika la umeme: mvuke. Kuna mashine ya kukaushia nywele: upepo wa moto. Mapokezi nimeenda kuomba hita, kwa ishara za kutetemeka, na wamenipa. Pasi yangu italeta robo yake. Ukijumlisha vyote unapata pasi nzima na chenji.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi nililitoa gauni bafuni, na Mita akaingia kuoga. Nikapata nafasi yangu. Soketi iliyo karibu na meza ilikuwa moja tu, vifaa vinne. Ekstensheni ya Mita ilikuwa begini mwake. Kuazima si kuiba, na mwenyewe nisingeweza kumuuliza, alikuwa na sabuni machoni. Nikachomeka birika. Nikachomeka hita. Nikachomeka mashine ya nywele. Nikachomeka pasi, kwa heshima, mwisho. Nikawasha vyote.

Kwa dakika moja na nusu nilikuwa fundi bora duniani. Mvuke chini, upepo juu, hita pembeni, pasi ikiteleza. Mkunjo wa kwanza ulianza kulegea, naapa! Kisha nikasikia harufu. Nikadhani ni hita inaunguza vumbi. Kumbe waya wa ekstensheni ulikuwa unalainika na kujilaza kwenye zulia. Nikaushika niutazame. Ndiyo maana mkono wa kushoto.

Pa! Giza. Chumba chetu, korido nzima, vyumba vya upande wetu vyote. Chumba cha jirani vikapigwa vifijo visivyo vya harusi.

Mita katoka bafuni na taulo, povu masikioni. Hakuuliza kitu. Kitu cha kwanza, aling'oa plagi ya ekstensheni ukutani, akiwa amekausha mikono kwanza kwenye shuka langu. Cha pili, alilisogeza gauni mbali. Cha tatu, aliukamata mkono wangu na kuuweka chini ya bomba la maji baridi, akausimamia pale huku mwenyewe akitetemeka kwa baridi. Aliniuliza inauma? Nikasema hapana. Akaongeza maji.

Mlango ukagongwa. Sindano. Nusu ya nywele imenyooshwa, nusu nyingine imesimama wima, maana mashine ilizimika katikati ya kazi. Nyuma yake Dada, ambaye aliutazama waya, akanitazama mimi, na kusema neno moja tu, jina langu lote, kama alivyokuwa akilisema tulipokuwa wadogo na kikombe kimevunjika. Nilitamani ardhi ipasuke. Imebaki saa moja na nusu, gauni halijanyooka, bibi harusi ana nywele za watu wawili, na chanzo ni mimi.

Mita kavaa, kashuka, kampata mtu wa matengenezo, wakaelewana kwa vidole. Mafundi umeme wana lugha yao. Taa zikarudi. Nilifikiri sasa atapanda juu na kuanza hotuba. Nilikuwa nimeandaa majibu. Hakuhutubia. Alifungua kabati, akatoa pasi ya hoteli, akaiweka juu ya ubao, akalileta gauni mwenyewe. Akasema, piga, shemeji, mimi hata leso sijui kupiga.

Sikuwa na la kufanya. Nimeshika pasi ya mwenzangu. Mwalimu wangu anisamehe huko aliko. Ilipata moto kwa dakika moja! Nyepesi, inateleza yenyewe kwenye satini, ncha yake nyembamba inaingia kati ya vifungo kama iliyotumwa. Kwa mkono wa kushoto nimelinyoosha gauni lote, yadi kumi na nne, bila kunyanzi, Mita akinishikia upindo usiguse sakafu.  Sindano alipolivaa, Mita akageukia dirishani kupima kitu.

Tukafika mlango wa ukumbi. Mimi kushoto kwake, Mita kulia kwake, tai zote mbili zimenyooka. Nikajua ni sasa. Sindano akatushika mikono, mimi ule wenye bandeji kwa uangalifu, akasema anatupenda sote na asingeweza kumchagua mmoja akamuumiza mwingine, lakini uamuzi wake hautokani na hilo. Alisema aliyemfikisha hapa peke yake tangu akiwa na miaka tisa ni mama yake, na hizi hatua zilizobaki atazimaliza naye. Akamgeukia Dada. Dada hakuwa anajua. Alianza kukataa, akatafuta pochi yake, akakosa pochi, akalia, wakaingia.

Nimeumia. Sitaficha. Kwa hatua kama kumi za kwanza nilikuwa nimeumia sana. Kisha nilimwona dada yangu kwa nyuma, viatu vya visigino ambavyo hajazoea, kichwa juu, na nikakumbuka nani aliuza cherehani yake mwenyewe ili mtoto asome. Mita alinipa leso. Nikamwambia ni vumbi. Akasema ndiyo, la humu ni baya, na yeye mwenyewe akachukua upande wa pili wa leso.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkono unaendelea vizuri. Hoteli imebadilisha kipande cha zulia na mapokezi hawanipi tena hita.

Habari kubwa! Sindano amekuja na gauni kwenye mfuko wake. Tarehe 23 kuna sherehe ya pili nyumbani, kwa ajili ya bibi yake ambaye umri haumruhusu kupanda ndege. Atatua na mumewe siku hiyohiyo asubuhi. Kaniomba nilitangulize gauni, nilinyooshe tena, alivae bibi amwone. Akasema hamwamini mtu mwingine nalo. Mwingine nani? Nikamtazama Mita. Mita alikuwa akinywa chai.

Nimevimba kichwa kwa furaha siku nzima. Kisha nikaanza kufikiri. Ile pasi ya hoteli. Ile dakika moja. Ile ncha.

Tumeenda dukani kununua zawadi. Nimeiona! Rafu ya tatu, ndugu yake kabisa, ya bluu. Mita akaniona nikiiona. Akaja akasimama kati yangu na rafu, kama mlinda mlango, akaanza. Pasi hii ni ya volti mia na ishirini. Nyumbani ni mia mbili na arobaini. Ya kwetu ilipoletwa huku ilikosa nguvu ikapoa tu, hasara yake ni aibu. Ya huku ikipelekwa kwetu inapewa nguvu isiyoiweza, joto mara nne, inaungua kabla hujauinua mkono, na kilicho karibu nayo kinaungua pia. Akasema adapta haitaisaidia, adapta ni kiatu tu, haikupunguzii mwendo. Akanifanya nirudie maneno yake. Nikayarudia, neno kwa neno. Kanishika bega, kasema ameridhika.

Akaenda kutazama betri.

Iko begini mwangu, ndani ya shati.

Jumamosi, 23 Novemba

Asubuhi. Nyumbani, kwenye karakana yangu, kila kitu mahali pake. Ndege imeshatua. Sindano na mumewe wako njiani, wanapitia kwa Dada kwanza. Bibi yake Sindano amevalishwa tangu alfajiri na anauliza kila robo saa kama bibi harusi amefika. Gauni nimelitandaza mezani, lote, limemwagika mpaka kwenye kiti. Limejikunja kidogo tu.

Pasi ya bluu nimeitoa. Miaka yote hii ya kazi na sikuwahi kumiliki chombo kama hiki. Ile ya zamani nimeiweka chini ya mlango, inauzuia usijifunge.

Nimetafakari sana maneno ya Mita, siwezi kusema sikumsikiliza. Kule umeme ulikuwa nusu, na bado pasi ilipata moto kwa dakika moja. Huku umeme ni mzima. Kwa hiyo itachukua nusu dakika. Mita mwenyewe kasema mara nne! Mtu anakueleza sifa ya kitu huku anakukataza kukinunua, huo ni wivu wa aina gani? Amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Anataka kujua napigia gauni kwa pasi ipi. Nimeigeuza simu kifudifudi.

Nimechomeka. Adapta imeingia sawasawa. Nimeisimamisha hapa mezani, kando ya upindo, iwe karibu na kazi, na naandika haya nikisubiri. Sidhani kama nitamaliza ukurasa. Tayari taa yake ndogo imewaka, imeng'aa sana, imezima, maana yake imekwisha kupata moto. Haraka kiasi hicho! Vitu vya wenzetu viachwe viitwe vitu. Inatoa hata mvuke, na maji sijatia.